Kivuko ni cha Nani? Mawazo juu ya Daraja la Lualaba

Mambo tunayoandika hapa yalianzia darasani. Tulikuwa tunafundisha historia katika darasa la tano la sekondari, hapa Kolwezi, na tulikuwa tumefika kwenye vita vya kujitenga kwa Katanga. Tukaeleza jinsi madaraja ya mto Lufira yalivyolipuliwa katika siku za mwisho za vita hivyo, ili askari wa Umoja wa Mataifa wasifike Likasi, mji ulioitwa Jadotville wakati ule. Kijana mmoja wa benchi la nyuma akainua mkono: « Mwalimu, kama adui iko nakuya, kuvunja kilalo njo zambi? »

Darasa likacheka, maana neno « zambi » linafaa kwa padri kuliko kwa mwalimu wa historia. Halafu likagawanyika. Wengine walisema mtu anayelinda kwake ana haki ya kufunga mlango. Wengine wakajibu kwamba daraja si mlango wa mtu mmoja. Msichana mmoja, ambaye mama yake anaenda kununua unga Likasi kila juma, alisema kwa hasira: « Banavunja beo, tunalala njaa siye. » Kengele ya saa sita ililia, hakuna aliyetoka. Sisi tulikuwa na diploma yetu ya pedagojia mfukoni na miaka zaidi ya ishirini ya kazi, na jibu la kumpa yule kijana hatukuwa nalo. Tulisema tu: « Tutaendelea juma lijalo. » Chama chetu cha utamaduni kilipotuomba makala juu ya mila na mto, tuliona deni lile limetufuata.

Tuanze na neno lenyewe. Shuleni tunaandika « daraja ». Nyumbani, Kolwezi, Likasi mpaka Lubumbashi, watu wanasema « kilalo ». Daraja ni neno lililokuja na Kiarabu cha pwani, na kila mwalimu anajua lina maana ya pili: cheo, ngazi, namba ya mwanafunzi katika matokeo. Ndani ya kilalo mtu anasikia kulala. Hata kamusi za pwani zina neno « ulalo », mti uliolazwa juu ya kijito ili watu wapite. Basi lugha yetu inatupa vitu viwili kwa kitu kimoja: mti uliolala chini watu wakanyage, na ngazi inayopanga nani yuko juu ya nani. Maneno hayo mawili yatarudi huko mbele.

Lualaba unaanza katika nyanda za juu za kusini mwa Katanga, karibu na mpaka wa Zambia, unapita mashariki ya mji wetu, unaingia katika ziwa la Nzilo, halafu unaelekea kaskazini: Bukama, Kongolo, Nyangwe, Kindu, mpaka maporomoko ya Kisangani, ambako unabadili jina na kuitwa Kongo. Mtu anayetoka Kolwezi kwa barabara kubwa kwenda Fungurume, Likasi na Lubumbashi lazima avuke Lualaba. Mji wetu ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1930, kwa mkono wa Union Minière. Reli iliutangulia: njia ya kutoka Tenke kwenda Dilolo iliunganishwa na ile ya Benguela mwaka 1931, na ili ipite hapa ilipaswa kwanza kuushinda mto. Kwa hiyo kivuko cha chuma ni mkubwa wa Kolwezi kwa umri. Sisi tulikuja nyuma yake. Bila kivuko kile kusingekuwa na cité wala kambi za wafanyakazi, na masomo tunayofundisha yangekuwa kwingine.

Lakini mto ulivukwa kabla ya chuma. Ulivukwa kwa bwato. Mtu wa bwato ni mtu: ana jina, ana baba, anakutazama usoni kabla hajakupakia. Unamsalimia, unamweleza unakotoka na unakokwenda, mnapatana malipo. Akikuona una bunduki, anaweza kusema bwato limepasuka. Kukataa kwake ndiyo ngao yake.

Kisa kinachojulikana zaidi juu ya kukataa huko kilitokea kwenye Lualaba hii hii, mbali na sisi upande wa kaskazini, huko Nyangwe, katika jimbo la Maniema la leo. Mwaka 1871 David Livingstone alifika Nyangwe akitaka kuvuka. Alifikiri Lualaba huenda ni Nile, na alitaka kuufuata ajue unakwenda wapi. Alikaa pale miezi, tangu mwisho wa Machi mpaka Julai, akiomba mabwato. Wagenya, wenye mto, hawakumpa. Walimwona amefika pamoja na wafanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka pwani, na walijua watu wale wakivuka wanafanya nini. Vitabu tulivyosoma utotoni vilitufanya tumhurumie mzungu yule mzee aliyenyimwa njia. Hatukuona hata mstari mmoja uliotuuliza: je, wale waliokataa walikuwa na haki?

Tarehe 15 Julai 1871 jibu lilipatikana, na lilikuwa la damu. Ilikuwa siku ya soko la Nyangwe, soko kubwa la wanawake waliovuka kutoka ng'ambo na samaki, chumvi, vyungu na kuku. Watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wale waliwafyatulia risasi. Wanawake walikimbilia mabwato. Mabwato yalikuwa yamebanana katika hori dogo, hayakuweza kutoka. Wengi walijitupa mtoni wakaogelea kuelekea ng'ambo, na maji yakawachukua. Waliokufa walihesabiwa kuwa zaidi ya mia tatu. Livingstone aliyaona kwa macho yake, aliyaandika, na siku chache baadaye akarudi Ujiji bila kuvuka. Habari ile ilipofika Uingereza ilisaidia kufungwa kwa soko la watumwa la Unguja mwaka 1873.

Basi Wagenya walikuwa na haki. Tunalisema bila kigugumizi. Kosa, kama lilikuwapo, ni kwamba soko lilibaki wazi.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1876, akaja Stanley, akiwa amepatana na Tippu Tip amsindikize sehemu ya njia. Stanley alikuwa na kitu ambacho Livingstone hakuwa nacho: boti lake mwenyewe, Lady Alice, lililokatwa vipande vipande na kubebwa mabegani na wapagazi tangu pwani. Alipofika mtoni aliliunganisha, akaliingiza majini. Hapo ndipo mambo yalipogeuka katika historia ya mto wetu. Mtu mwenye boti lake hana haja ya kuomba. Anaweza kusalimia akitaka, na akiona uvivu anaacha. Kukataa kwa mwenye mto kukageuka kelele tu za ukingoni.

Daraja ni Lady Alice isiyoondoka. Tunaomba radhi kwa mahandisi, tunajua kazi yao ni kubwa. Lakini tazama: daraja linaondoa kuombana. Ni faida kubwa. Mgonjwa anapita usiku bila kumwamsha mtu, mwanafunzi anapita bila senti. Pamoja na faida hiyo, uwezo wa kukataa haukufa. Ulihama. Ulitoka kwa yule mtu wa bwato ukaenda kwa mwenye daraja, na mwenye daraja hakuwa mtu wa kando ya mto tena. Alikuwa kampuni, au jeshi, au serikali. Wakati wa Wabelgiji, babu zetu hawakuweza kuhama kutoka sehemu moja kwenda nyingine bila karatasi ya ruhusa. Chuma kilikuwa pale, kimelala vizuri, kinabeba shaba usiku na mchana, lakini mtu mweusi alivuka kwa karatasi. Kilalo kilikuwa kimekuwa daraja, kwa ile maana ya pili.

Sasa turudi kwenye swali la kijana wetu, maana linatusubiri pale Lufira.

Mwezi Septemba 1961, kampuni moja ya askari wa Ireland, watu kama 155 chini ya komanda Pat Quinlan, ilizingirwa Jadotville na jeshi la Katanga. Wenzao walitoka Elisabethville kwenda kuwaokoa, wakafika kwenye daraja la Lufira, wakashindwa kupita. Quinlan na watu wake walipigana mpaka risasi na maji vikaisha, wakajisalimisha. Daraja halikuvunjwa siku ile, lilishikwa tu. Katika awamu ya mwisho, Desemba 1962 na Januari 1963, madaraja yale yalilipuliwa. Askari wa India walivuka hivyo hivyo, na tarehe 3 Januari wakaingia Jadotville. Tuseme wazi: mlipuko ule haukuzuia lolote, ulichelewesha tu. Jeshi lina njia zake za kuvuka, lina kamba, mashua, helikopta. Mama mwenye kikapu hana. Vita viliisha Januari ile ile, lakini chuma kilichoanguka mtoni hakijui kwamba vita vimeisha.

Baada ya Jadotville ilibaki Kolwezi. Hapa kulikuwa na ngome ya mwisho ya Tshombe, pamoja na mamluki na jandarmeri. Na hapa kulikuwa na tishio kubwa kuliko la daraja lolote: mabwawa mawili ya umeme juu ya Lualaba, Delcommune, ambalo leo tunaliita Nzilo, na Le Marinel, ambalo ni Nseke. Yalitegewa baruti. Umeme wa Le Marinel tangu miaka ya 1950 ulikuwa unafika hata kwenye migodi ya Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo. Kuvunja Nzilo kungekuwa kuzima migodi, hospitali na taa za nchi mbili, na kumwaga ziwa zima juu ya vijiji vya chini ambavyo havikupiga kura ya kujitenga wala ya kutojitenga. Tarehe 14 Januari 1963 Tshombe na mawaziri wake walitangaza kwamba kujitenga kumekwisha. Tarehe 21 askari wa Umoja wa Mataifa waliingia Kolwezi bila vita. Mabwawa yalibaki yamesimama. Baruti zilitolewa.

Kila mtu mwenye taa nyumbani Kolwezi anaishi kutokana na kitendo ambacho hakikutendwa. Hatuna sanamu yake, wala sikukuu. Tunadhani tungepaswa kuwa nayo, lakini ni vigumu kujenga sanamu ya mtu ambaye hakubonyeza kitufe.

Hapo ndipo tulipopata nusu ya jibu. Tuliwaambia wanafunzi juma lililofuata: Wagenya wa Nyangwe na wale wa baruti ya Lufira wote walifunga kivuko. Tofauti iko wapi? Mgenya aliyeficha bwato lake alipoteza malipo yake na samaki wake wa siku ile. Alikuwa wa kwanza kuumia kwa kukataa kwake. Tena kesho alipoona hatari imepita aliweza kulitoa bwato majanini na kuwavusha jirani zake. Mamluki aliyetega baruti alikuwa na njia ya kuondokea kupitia Angola. Alifunga kivuko ambacho yeye hakukihitaji tena, na akakifunga kwa namna isiyofunguka. Kwa maoni yetu anayefunga kivuko lazima abaki upande wa njaa. Kama hayuko tayari kubaki, haki hiyo hana.

Msichana yule wa unga alitikisa kichwa kukubali. Kijana wa nyuma hakuridhika. « Na mwaka 1978? » akauliza. Tuliguswa, maana kila familia ya Kolwezi ina wafu wake wa 1978. Tarehe 13 Mei mwaka ule wapiganaji wa FLNC waliingia mjini wakitokea upande wa Angola na Zambia. Mamia ya watu walikufa, weusi na weupe. Kabla askari wa mwavuli wa Ufaransa hawajatupwa juu ya mji tarehe 19, kikosi cha Zaire cha meja Mahele kilikuja kwa barabara kutoka mashariki, ndiyo kusema kilipita juu ya Lualaba, na daraja walilikuta limesimama. Wale wanaofurahi kwamba walifika wanashukuru daraja. Tunawajua pia wazee waliokuwa porini siku zile, ambao wakisikia neno askari hawaulizi wa upande gani. Tuliacha hapo. Kuna mambo ya 1978 ambayo darasa la watoto arobaini na watano si mahali pake.

Ila nusu ya pili ya jibu haikutoka kwenye vita. Ilitoka kwenye treni, na hapa tunapaswa kusema habari yetu wenyewe.

Mwaka 1993 tulikuwa na miaka kumi na mmoja, tuko darasa la tano la primeri. Fitina iliyoanza mwaka uliotangulia huko Likasi ilifika Kolwezi: Wakasai watoke, warudi kwao. Wengi wao « kwao » hawakuwahi kuiona. Walizaliwa hapa, baba zao na babu zao waliletwa na kampuni na reli kufanya kazi. Wanasiasa walikuwa na neno lao kwa watu hao: « bilulu », wadudu. Redio ililisema, sokoni walilisema, na sisi watoto tukalifanya wimbo wa kuruka kamba. Benchi letu darasani tuliketi wawili. Jina la mwenzetu hatutaliandika. Alikuwa mzuri wa hesabu kuliko sisi, na alitupa kunakili. Asubuhi moja hakuja. Tulimwona siku chache baadaye kwenye gare, pamoja na mama yake, dada zake, godoro, masufuria, mashine ya kushona, katikati ya maelfu ya watu waliokuwa wanalala nje wakingoja treni. Tulikwenda kule na kundi la watoto wa kartiye kutazama, jinsi watu wanavyokwenda kutazama moto. Kundi likaanza ule wimbo. Na sisi tuliimba.

Alitutazama. Hakusema kitu.

Sasa msomaji achukue ramani ya reli. Treni inayotoka Kolwezi kwenda Kasai haiendi moja kwa moja. Inakwenda kwanza mashariki mpaka Tenke, na hapo kabla imevuka Lualaba. Kutoka Tenke inapanda kaskazini mpaka Bukama, ambako reli ilifika mwaka 1918. Na Bukama inavuka Lualaba kwa mara ya pili, kurudi magharibi, ndipo ishike njia ya Kamina na Kasai. Mwenzetu na mama yake walivuka mto uleule mara mbili. Wengi hawakufika, njaa, kipindupindu na surua viliua watu kwenye magare na ndani ya mabehewa, watoto hasa. Kutoka Katanga nzima waliofukuzwa ni mamia ya maelfu.

Hakuna aliyevunja daraja mwaka 1993. Yote yalikuwa mazima. Tukumbuke vile vile kwamba tangu njia ya Benguela ilipofungwa na vita vya Angola mwaka 1975, shaba yetu nayo ilipita huko huko, Tenke na Bukama, kuvuka Lualaba mara mbili, mpaka Ilebo na mto Kasai na Kinshasa na Matadi. Njia ya kitaifa, ndivyo ilivyoitwa, na kwenye ramani ya darasani ilichorwa kwa wino mwekundu, nzuri sana. Watu walipakiwa kwenye njia ya kitaifa kama shaba, tofauti ni kwamba shaba ililindwa zaidi.

Ndiyo maana hatuwezi tena kusikiliza hotuba inayosema kwamba daraja linaunganisha watu. Tumeisikia kwenye uzinduzi mara nyingi, ribani inakatwa, fanfari inapiga, tunapiga makofi. Daraja linabeba. Linabeba mama wa unga na linabeba mama wa mashine ya kushona anayefukuzwa, kwa upole uleule. Kijana wetu aliuliza kama kuvunja daraja ni zambi. Sisi tunajua kwamba kulitumia kunaweza kuwa zambi pia, na kwamba wimbo wa watoto kumi kwenye gare ni kazi ya kulitumia.

Wanafunzi walikaa kimya tulipowasimulia hayo. Nusu yao wana shangazi au bibi Mkasai. Wengi walirudi baada ya miaka. Kolwezi ya leo ina watu wa kila pembe, na hakuna anayemuuliza jirani alirudi lini. Mwenzetu wa benchi hatukumwona tena.

Tuseme kidogo juu ya leo. Kolwezi imekuwa makao makuu ya jimbo la Lualaba tangu 2015. Jimbo limechukua jina la mto. Barabara imetiwa lami, na kwenye njia ya Likasi kuna peaji ambapo kila gari linalipa. Hatupingi kulipa. Mtu wa bwato naye alilipwa. Tunachoona ni kwamba mtu wa bwato alimpunguzia maskini, au alimvusha bure mjane akamwambia utanilipa siku ya mavuno, na kibanda cha peaji hakina macho ya namna hiyo. Makamio ya shaba na kobalti yanapita kwa msururu kuelekea Kasumbalesa, mengine marefu mpaka mtu wa baiskeli anasubiri nusu saa apate nafasi ya kuingia njiani. Upande wa magharibi reli ya Lobito imefunguka tena, na tangu 2024 shaba ya Kolwezi imeanza kusafirishwa huko mpaka kwenye meli za kwenda Marekani. Shaba haikosi kivuko. Ikifungwa huku inafunguliwa kule.

Tarehe 15 Novemba 2025, huko Kalando, karibu na Mulondo, kusini-mashariki ya mji wetu, kulikuwa na daraja jingine. Halikuwa la mhandisi. Wachimbaji wa mikono, wale ba-creuseurs wetu, walilijenga wenyewe kupita juu ya handaki lililojaa maji ya mvua, ili wafike kwenye mgodi ambao walikuwa wamekatazwa kuingia. Siku ile walikimbilia juu yake kwa wingi, wakasukumana, likaanguka. Watu wasiopungua 32 walikufa. Taarifa ya idara inayosimamia wachimbaji wadogo ilisema milio ya risasi ya askari waliokuwa wanalinda mahali pale ndiyo iliyoleta kukimbia kule. Tuliposoma habari ile tulikumbuka hori la Nyangwe: risasi nyuma, maji mbele, kivuko chembamba katikati. Miaka 154 imepita kati ya siku hizo mbili.

Wapo wanaosema: walikatazwa, kwa nini walikwenda? Tumesikia neno hilo hata katika chumba cha walimu. Sheria ni sheria, na mvua ni mvua. Mahali pale palikuwa hatari kweli. Lakini tulijiuliza kwa nini katika nchi yenye madaraja yanayobeba kamio la tani arobaini, kijana wa miaka ishirini anavuka maji juu ya vipande alivyoviokota mwenyewe. Lile la Kalando lilikuwa kilalo kwa maana ya kwanza kabisa, mti uliolazwa ili mtu akanyage. La Lualaba ni daraja. Nchi ile ile, shaba ile ile, tofauti ni cheo cha anayepita.

Mwisho wa mwaka wa masomo tuliwapeleka wanafunzi mtoni. Hatukutaka wavuke ndani ya basi. Tulimwomba dereva atangulie asimame ng'ambo, na sisi tukavuka kwa miguu, mmoja nyuma ya mwingine, tukijibana pembeni makamio yanapopita. Katikati ya daraja tulimkuta mzee mmoja na baiskeli yenye magunia matatu ya makala, amechoka, anahema. Wavulana wanne waliweka mabegi chini wakamsukumia mpaka ng'ambo na kumpandisha kilima. Alitaka kuwapa matabishi, wakakataa, wakamwita baba mkubwa.

Kijana wa benchi la nyuma alikuwa mmoja wao. Alifuta jasho, akatuuliza: « Mwalimu, mbele ya kilalo, nani alikuwa navusha batu hapa? » Tulimwambia aanze kwa kumuuliza yule mzee wa makala. Wakabaki nyuma wawili, mzee akionyesha kwa kidole mahali fulani chini ya matete, mpaka dereva wa basi akapiga honi mara tatu.